Walpole alihifadhi barua zake, sisi je?

Kila nikisikia mtu akisifu kasi ya mawasiliano ya siku hizi, namkumbuka Horace Walpole. Huyu alikuwa Mwingereza, mwana wa waziri mkuu Robert Walpole. Mwaka 1739 alifunga safari ya kuzuru Ulaya pamoja na mshairi Thomas Gray, na huko Florence, Italia, akakaribishwa na mwanadiplomasia wa Uingereza aliyeitwa Horace Mann. Walpole alirudi kwao 1741. Mann alibaki ugenini hadi alipofariki 1786. Hawakuonana tena hata siku moja, lakini waliandikiana miaka yote hiyo.

Walpole ndiye aliyekuwa akimletea mwenzake habari za nyumbani: nani kaangushwa bungeni, nani kaoa, kesi ya mabwana walioasi mwaka 1746, mitetemeko ya ardhi iliyoitikisa London 1750. Umbea nao ulikuwa tele. Barua ilikaa njiani wiki kadhaa, kwa hivyo habari ilifika imeshachacha. Mwezi Desemba 1745 Charles Edward Stuart alifika Derby na jeshi lake, na watu wa London wakashikwa na hofu. Kabla ya mwezi kwisha jeshi hilo lilikuwa limesharudi Scotland! Mtu anayeandika katika hali hiyo hawezi kutupa sentensi moja halafu akasubiri kuulizwa "kisha?" kama tufanyavyo kwenye rununu. Inambidi aeleze chanzo, ataje wahusika, na aseme anachodhani kitafuata. Ndiyo sababu barua hizo bado zinasomeka.

Waandishi wenzangu wa programu watafurahia hili. Uingereza ilikuwa bado inafuata kalenda ya zamani, siku 11 nyuma ya Italia. London ikiwa tarehe 1 Machi, Florence ni tarehe 12. Wewe unayelalamika kuhusu saa za nchi mbalimbali kwenye hifadhidata yako, shukuru Mungu. Waingereza walibadilisha kalenda Septemba 1752, na baada ya tarehe 2 ikaja tarehe 14. Kama unatumia Linux, andika cal 9 1752 uone pengo lenyewe.

Hata udukuzi ulikuwepo. Posta ya London ilikuwa na ofisi ya siri ya kufungua barua za watu na kuzifunga tena. Walpole alilijua hilo, na mambo nyeti alipenda yabebwe na msafiri anayemwamini.

Lakini lililonigusa zaidi ni kwamba alimwomba Mann amrudishie barua alizomwandikia. Zikarudi kwa mafungu, zikibebwa na wasafiri, naye akazinakili na kuzitilia maelezo. Kwa lugha yetu hiyo ni bakapu. Chuo Kikuu cha Yale kilipokuja kuchapisha barua zake na za rafiki zake, kati ya 1937 na 1983, zilijaza mabuku 48.

Sasa nitazame mimi, fundi wa tarakilishi. Rafiki yangu alikwenda Ujerumani kusoma mwaka 2004. Tuliandikiana barua pepe karibu kila juma: uchaguzi, harusi, nani kapata kazi, nani tumemzika. Huduma tuliyotumia ilifungwa, onyo likatumwa kwenye anwani ambayo sikuwa nikiifungua tena, na miaka minne ya maneno yetu ikapotea. Rafiki huyo ameshafariki. Sina hata barua yake moja.

Utaniambia kwamba gumzo letu halina thamani ya kuhifadhiwa. Sikubali. Sehemu kubwa ya barua za Walpole ni gumzo tu. (Ni kweli, yeye alikuwa na majivuno ya kutosha na alijua vizazi vijavyo vitamsoma.)

Kwa hivyo ninyi mnaounda programu za ujumbe, nina ombi moja. Wekeni kitufe cha mtu kuondoka na maneno yake yote, katika maandishi matupu yanayofunguka kwenye mashine yoyote, yakiwa na jina la mwandishi na tarehe. Kisifichwe chini ya menyu tano, wala kisidai mtu alipie. Na ninyi wenye ndugu Doha, Toronto au Boston, msitungoje sisi. Nakilini jumbe zao Jumamosi hii.