Shule Haigawanywi kwa Chokaa

Mpaka wenyewe ni mawe. Mawe ya ukubwa wa nazi, yamepakwa chokaa na kupangwa mstari mmoja kutoka kwenye mwembe hadi kwenye choo cha walimu. Kushoto ni shule ya msingi ya zamani. Kulia, tangu Januari, ni shule ya msingi mpya. Shule mpya ina jina lake, mhuri wake, nembo yake na mwalimu mkuu wake. Kitu ambacho haina ni darasa jipya. Madarasa ni yale yale ya zamani, yamegawanywa kama mirathi ya baba aliyeacha wake wawili na nyumba moja. Bomba ni lile lile. Vyoo ni vile vile. Kengele ni rimu ya gari iliyoning'inizwa mwembeni, na ikigongwa kwa ajili ya shule moja, watoto wa shule zote mbili hutoka mbio.

Sitaitaja shule hiyo, kwa sababu haiko peke yake. Anayeishi Dar es Salaam anavijua viwanja vya namna hii: uwanja mmoja, mabango mawili getini, wakati mwingine matatu. Ofisini inaandikwa kwamba tumeongeza shule. Uwanjani tumeongeza bango.

Nasema hivi kwa hasira na sitaomba radhi: kugawa shule bila kujenga ni kuwadanganya wazazi kwa mhuri wa serikali.

Twende kwenye hesabu, maana hesabu haina chama. Kiwango cha serikali yenyewe ni wanafunzi 45 kwa darasa moja la shule ya msingi. Tundu moja la choo ni la wasichana 20, au la wavulana 25. Sasa chukua shule yenye watoto mia tisa na madarasa kumi. Kila darasa lina watoto tisini. Igawe iwe shule mbili, kila moja na watoto mia nne na hamsini na madarasa matano. Kila darasa lina watoto wangapi? Tisini. Mtoto wa darasa la nne anaweza kupiga hesabu hiyo, hata kama anaipigia sakafuni.

Fedha nazo haziongezeki. Ruzuku ya uendeshaji ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na inafuata kichwa cha mtoto, haifuati bango. Vichwa ni vile vile, fedha ni zile zile. Kinachoongezeka ni kiti cha mwalimu mkuu wa pili na posho ya madaraka yake, ambayo tangu 2016 ni shilingi 200,000 kwa mwezi. Sina ugomvi na walimu wakuu. Kuongoza maelfu ya watoto kutoka ofisi moja ni adhabu, na msaidizi wanastahili. Lakini mwalimu mkuu mpya hana mahali pa kuwakalisha watoto. Tumemwongezea nahodha jahazi lile lile linalovuja.

Nimehudhuria mkutano mmoja wa wazazi wa kugawana watoto. Shule ilikuwa nyingine, tukakaa chini ya mwembe wake, wengine kwenye madawati, wengine kwenye mizizi. Mtendaji alisimama na karatasi akasoma: kuanzia kwa balozi wa nyumba kumi wa kwanza hadi wa saba watabaki, wa nane na kuendelea watahamia shule ya ng'ambo ya barabara kuu. Mama mmoja akanyanyuka, mtoto mgongoni.

"Mheshimiwa, wangu wa darasa la tano anabaki, wa darasa la pili anahama. Huyo wa la tano ndiye anayemvusha mdogo wake barabara. Sasa atavushwa na nani?"

Mtendaji akamjibu kwa upole: "Mama, hilo tunalichukua."

Tunalichukua! Ni mangapi yamechukuliwa kwenye mikutano ya nchi hii na hadi leo hayajarudishwa? Mama yule akaketi. Ajenda iliyofuata ilikuwa mchango wa kuanzia msingi wa darasa. Yaani aliyenyimwa jibu la barabara aliombwa fedha ya tofali.

Na tofali la mwanzo liko wapi? Nyuma ya madarasa kuna boma. Wasomaji wa mjini ambao watoto wao hupanda mabasi ya njano pengine hawalijui neno hili kwa maana yake ya siku hizi. Boma ni darasa lililojengwa kwa nguvu za wananchi likafika kwenye lenta, likasimama hapo kungoja serikali imalizie. La pale limengoja hadi mpapai umeota katikati ya chumba, pale ambapo meza ya mwalimu ingekaa, na umezaa. Watoto wanayalenga mapapai kwa mawe. Kiasi ambacho serikali imekuwa ikipeleka kumalizia boma moja la darasa kinajulikana, shilingi milioni 12.5. Lakini uliza orodha ya maboma yanayongoja na zamu ya lako, utazungushwa kama pia.

Kisingizio kikubwa tunachopewa ni kwamba watoto wamekuwa wengi ghafla. Ghafla! Mtoto wa darasa la kwanza si mvua ya mawe. Huyu mtoto alizaliwa kwenye kituo cha afya, akaandikiwa kadi ya kliniki. Akiwa na miezi tisa alichomwa chanjo ya surua, akarudi akiwa na miezi kumi na minane. Chanjo zile haziagizwi kwa ramli. Zinaagizwa kwa idadi ya watoto. Ina maana idara ya afya ya halmashauri inawajua watoto wetu kwa hesabu ya sindano, na idara ya elimu ya halmashauri hiyo hiyo inashangaa Januari kuwaona wamebeba mifagio na madaftari. Miaka mitano tangu chanjo hadi darasa la kwanza! Kwa muda huo mtu anajenga ghorofa, anahamia na anaipaka rangi mara ya pili.

Na tulihesabiwa. Sensa ya 2012 iliikuta Dar es Salaam na watu 4,364,541. Ile ya Agosti 2022 ikaikuta na 5,383,728. Zaidi ya watu milioni moja wameongezeka ndani ya miaka kumi, na kila mwenye macho anajua wengi wameenda kuishi pembezoni, kule kiwanja kinakopatikana kwa kudunduliza. Tumehesabiwa ili iweje, kama si kujua tofali liende wapi?

Tena si mara ya kwanza kupigwa na wimbi hili. Mwaka 2002, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ulipoanza na ada ya shule ya msingi ilipokuwa imefutwa, watoto walimiminika. Mwaka 2016, elimu bila ada ilipoanza kutekelezwa, wakamiminika tena. Mara zote mbili uamuzi ulikuwa wa haki, na mimi niliushangilia. Lakini mwenye kualika harusi hupika kwanza. Sisi tulialika, wageni wakaja, tukaanza kugawa sahani.

Sisemi serikali haijengi. Inajenga. Mwaka 2021, kwa fedha za mpango wa UVIKO-19, yalipangwa madarasa 15,000 nchini, ya sekondari 12,000 na ya vituo shikizi 3,000, kila moja kwa shilingi milioni 20 pamoja na samani. Mradi wa BOOST nao umeleta shule mpya za msingi, na ile ya mikondo miwili hugharimu zaidi ya shilingi milioni 500. Nakumbuka jambo moja la wakati wa UVIKO: bei ilitangazwa, kila mtu akaijua. Dereva bodaboda aliyepita kwenye msingi wenye nyufa alikuwa na swali mdomoni: hizi ndizo milioni ishirini? Bei ikijulikana, hata mpita njia anakuwa mkaguzi.

Ila bei moja kwa nchi nzima nayo ni uvivu wa kufikiri. Saruji inayotoka Wazo Hill kwenda Tegeta si sawa na saruji inayovuka ziwa kwenda Ukerewe. Kule kamati ya ujenzi inaumizwa na usafiri, na sisi wa Dar es Salaam tunaumizwa na kitu ambacho milioni ishirini hazikigusi kabisa: ardhi. Maeneo ya wazi tuliyaachia yakawa gereji, fremu na baa, kisha tunasema shule haina pa kujengwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wazee. Sisi ufa hatukuuziba, ukuta hatukuujenga, tumechora mstari wa chokaa. Kama ardhi haipo, twende juu. Ghorofa si anasa ya benki peke yake. Ni ghali, ndiyo, lakini hesabu pia gharama ya watoto wanaosoma kwa shifti, wa asubuhi wakitoka ndipo wa mchana waingie, na wa mchana wanarudi nyumbani giza linaingia.

Nasi wazazi tujisute. Kwenye mkutano ule, hoja iliyochukua muda mrefu haikuwa vyoo wala boma. Ilikuwa jina. Shule mpya iitwe jina la mtaa au la kiongozi? Watu walisimama, wakatoka mishipa ya shingo. Hoja ya pili kwa kelele ilikuwa ya waliotaka watoto wa mabondeni wasiletwe upande wao, kwamba wataishusha shule. Aibu gani hii! Mtoto wa bondeni hashushi shule. Shule inashushwa na darasa la watoto tisini. Na wenye uwezo wa kuuliza maswali magumu, wenye shahada zao, hawakuwepo. Wao walishagawa shule zamani, wakachukua upande wa kulipia.

Ninachodai si kikubwa. Shule isigawanywe kabla madarasa ya shule ya pili hayajaezekwa. Ndugu wa tumbo moja wasitenganishwe na karatasi ya mtendaji. Idadi ya watoto wanaopata chanjo kliniki ifike kwa afisa elimu kila mwaka, na mpango wa madarasa utokane nayo. Ramani ya mipaka, mchanganuo wa gharama na stakabadhi za michango vibandikwe ukutani pale shuleni, kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka. Mficha uchi hazai, na mficha hesabu hajengi.

Mikutano itaitishwa tena kabla ya uandikishaji, na karatasi yenye majina ya mabalozi itasomwa tena chini ya mwembe. Nenda, hata kama mtoto wako yuko kwenye basi la njano. Wakikuuliza shule mpya iitwe nani, usijibu. Waulize wewe: ina madarasa mangapi?