Chungwa Lililomo Chupani

Mgeni afikaye Muheza, katika Mkoa wa Tanga, wakati wa msimu wa machungwa hukuta matunda yamerundikwa kando ya barabara, na mengi kati yake ni ya kijani. Asiyejua hudhani hayajaiva. Mwenyeji hulimenya moja kwa kisu, akalikata juu, na ndani yake hupatikana tunda tamu lenye maji tele. Sababu yake yajulikana: ganda la chungwa hupoteza klorofili pale usiku unapokuwa na baridi ya kutosha, na usiku wa pwani ya Afrika Mashariki hauna baridi hiyo. Katika duka lililo jirani husimama chupa ya soda yenye rangi kali ambayo tunda la Muheza lenyewe halina. Hata hivyo, mwanafunzi akiambiwa achore chungwa, huchukua kalamu yenye rangi ya ile chupa, wala si ya lile tunda.

Jambo hili laweza kuonekana dogo, lakini si dogo. Jina la tunda linapoandikwa juu ya chupa huwa ni kauli kuhusu kilichomo ndani, na katika sayansi kauli hupimwa. Mzazi anayempelekea mwanawe mgonjwa soda ya machungwa, akiamini kwamba anampelekea faida za chungwa, ameiamini kauli ambayo hakupewa njia ya kuipima. Kwa fedha hizo hizo pengine angepata machungwa kadhaa, na kila moja lina takriban miligramu 70 za vitamini C. Ndiyo maana yafaa kudai kwamba jina la tunda juu ya chupa liambatane na kipimo chake.

Kwa kawaida kinywaji cha namna hii hutengenezwa kwa maji, sukari, hewa ya kaboni dayoksaidi, asidi, rangi na kiungo cha harufu. Juisi huweza kuwamo kidogo, au isiwemo kabisa. Uchachu wake hutokana na asidi ya sitiriki. Mkemia wa Uswidi, Carl Wilhelm Scheele, aliitenga asidi hiyo kutoka katika maji ya limau mwaka 1784, na kwa zaidi ya karne moja iliendelea kupatikana kutokana na malimau, hasa ya Italia. Mwaka 1917 mkemia wa Marekani, James Currie, alionyesha kwamba ukungu uitwao Aspergillus niger huweza kuitengeneza kwa wingi kutokana na sukari, na viwanda vikauacha mlimau. Hivyo uchachu unaouchangamsha ulimi ni kazi ya ukungu. Hakuna ubaya katika hilo, kwani molekuli ni ile ile. Lakini chungwa halikuhusika.

Harufu ndiyo iliyo karibu zaidi na tunda. Hutokana na mafuta yaliyomo katika vifuko vidogo vya ganda, ambayo zaidi ya sehemu tisa kwa kumi ni limonini. Kwa kuwa mafuta ni mepesi kuliko maji, yakiachwa hupanda na kufanya utando shingoni mwa chupa. Ili yatawanyike, watengenezaji hutumia gundi ya mgunga, ambayo kwa sehemu kubwa hutoka Sudan, pamoja na vitu vya kuyaongezea uzito. Kimojawapo cha vitu hivyo kilikuwa mafuta ya mimea yaliyotiwa bromini. Uingereza iliyapiga marufuku mwaka 1970. Marekani iliendelea kuyaruhusu kwa kiasi maalumu hadi mwaka 2024, ilipoyakataza kwa sababu majaribio ya wanyama yalikuwa yameonyesha madhara katika tezi ya thairoidi. Baina ya maamuzi hayo mawili ilipita miaka 54.

Historia ya Fanta nayo ina funzo. Kinywaji hicho kilibuniwa Ujerumani wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, pale tawi la Coca-Cola lilipokosa malighafi kutoka Marekani. Msimamizi wake, Max Keith, aliagiza kitengenezwe kinywaji kutokana na mabaki yaliyopatikana: maji yabakiayo baada ya maziwa kugandishwa kuwa jibini, na makapi ya matufaha. Chungwa halikuwa msingi wake. Fanta ya machungwa ilizaliwa Napoli, Italia, mwaka 1955, katika nchi yenye michungwa mingi. Leo ile inayouzwa Marekani haina juisi, lakini ile ya Italia inayo, na tofauti hiyo haikuletwa na ladha bali na sheria. Kwa miongo mingi Italia ilitaka kinywaji kinachouzwa kwa jina la chungwa kiwe na juisi isiyopungua asilimia 12. Mwaka 2014 bunge lilipandisha kiwango hicho hadi asilimia 20, na kanuni hiyo ikaanza kutumika mwaka 2018. Katika chupa ya mililita 300, asilimia 20 ni mililita 60, yaani takriban maji ya chungwa moja dogo. Asilimia 3 ingekuwa mililita 9, ambazo hazijazi vijiko viwili vya chai.

Hapa hapana budi kutahadhari. Kuongeza juisi hakuigeuzi soda kuwa chakula bora, kwa maana sukari iliyomo katika juisi nayo huhesabiwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na sukari za kupunguzwa. Mwongozo wake wa mwaka 2015 washauri sukari hizo zisifikie asilimia 10 ya nishati ya chakula cha siku, na huona manufaa zaidi zikipungua chini ya asilimia 5, kiasi cha gramu 25 kwa mtu mzima. Soda yenye gramu 12 katika kila mililita 100 hubeba gramu 36 katika chupa ya mililita 300, sawa na vijiko tisa vya gramu nne nne. Kwa hiyo hoja iliyopo hapa si kwamba juisi ni dawa. Hoja ni kwamba mnunuzi anastahili kuambiwa kweli.

Watengenezaji huweza kujibu kwamba soda ni kinywaji cha starehe, kwamba juisi ni ghali, na kwamba maelezo tayari yamo katika lebo. Majibu mawili ya kwanza yana haki, wala hapana haja ya kumnyima mtu starehe yake. Jibu la tatu halitoshi. Picha ya chungwa lililokatwa huonekana toka mbali, ilhali orodha ya viungo huhitaji macho makali na msamiati wa kikemia. Haki ingekuwa asilimia ya juisi iandikwe kwa Kiswahili kando ya picha hiyo, kwa herufi zinazolingana na jina la kinywaji. Asiyetumia juisi aandike sifuri. Uingereza ilipotoza kodi ya sukari katika vinywaji mwaka 2018, watengenezaji wengi walikuwa wamekwisha kuipunguza kabla ya sheria kuanza kazi. Kumbe yaliyosemwa kuwa hayawezekani huwezekana panapokuwa na kipimo cha lazima.

Shule haina haja ya kungoja sheria. Ganda la chungwa likikamuliwa juu ya bakuli la maji, wanafunzi wataona mafuta yakielea. Mililita 100 za soda zikivukizwa polepole, masalio yakapimwa kwa mizani, sukari itaonekana kwa macho. Tone la soda katika karatasi ya kuchujia litafungua mjadala kuhusu rangi na asili yake. Mwalimu mwenye machungwa mawili na chupa moja anayo maabara ya kutosha kwa somo hili, na mwanafunzi aliyekwisha kulifanya hatachora tena chungwa la Muheza kwa rangi ya soda.