Shamba lenye kupumzika si udongo mtupu



Kuna neno moja lenye kutupotezea mashamba kuliko mvua ya mawe: neno «mtupu». Mtu anatoka mjini, anapita barabarani, anaona majani marefu, haoni mihogo wala maharagi, anasema: hapa hakuna mwenyewe. Anaenda kwenye biro kuomba hekta 80 kwa ajili ya mradi: ng'ombe, miti ya mbao, kahawa, wakati mwingine viwanja vya kuuza vipande vipande. Karatasi inapanda, karatasi inashuka. Siku moja mama mwenye kurudia shamba lake anakuta nguzo za sima zimekwisha kusimamishwa.

Hatukatai miradi. Vijana wetu wanahitaji kazi, na sisi wenyewe tunahitaji mashini ya kusaga, barabara na soko la kahawa. Lakini tunasema hivi: mbele ya kutia mkono kwenye ombi lolote la udongo, shefferi, sekta na teritware ziwe na vipimo vya namna moja kwa watu wote, vimeandikwa na kubandikwa mahali kila mtu anaona. Leo kipimo kiko kichwani mwa mkubwa mmoja, na kila mwombaji anapimwa kwa namna yake.

Sheria haikutusahau

Sheria ya udongo ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Leta. Hilo tunalisikia kila siku, zaidi kinywani mwa wale wenye kutaka kutuondoa. Lakini sheria ile ile, artikle 388, inasema udongo wa jamii za pale ni ule wanaokaa, wanaolima ao wanaotumia kwa namna yoyote, mtu peke yake ao wote pamoja, kwa kufuata desturi zao.

Sikia vizuri: kwa namna yoyote. Kupumzisha shamba miaka 3 ao 4 ni kulitumia. Mwenye hana feza ya mbolea ya dukani anarudishia udongo nguvu kwa kuuacha upumzike. Kukata kuni, kuchunga mbuzi, kutafuta dawa, kuchota maji, yote hiyo ni kutumia. Tena mlimaji anajua: pahali panapoonekana patupu leo, ndipo chakula cha mwaka kesho.

Ni kweli, artikle 389 iliahidi ordonansi ya Rais ya kupanga haki za desturi juu ya udongo huo, na miaka ikapita mingi bila ordonansi hiyo kutoka. Pale ndipo tulibakia na tundu, na ndani ya tundu hiyo watu wengi walipita na hekta zetu.

Lakini mlango mmoja upo. Artikle 193 inasema udongo wa kijijini hautolewi bila ankete mbele. Artikle 194 inaonyesha kazi ya ankete ile: kuhakikisha mipaka pale pale kwenye udongo, kuhesabu watu wanaokaa pale ao wanaofanya kazi yoyote pale, kuandika vitu vilivyopo, kama vile pori, mito na njia, kusikiliza watu wenye malalamiko kwa kinywa, kupokea na kuchunguza habari zilizoandikwa. Mambo matano. Mtu asikudanganye kwamba bila barua ya avoka huwezi kusema. Sheria inapokea kinywa cha mlimaji.

Kwa nini ankete ni jicho

Angalieni ngazi ya wenye kutia mkono. Kwa udongo wa kijijini, gavana wa jimbo anatoa mpaka hekta 200. Kupita pale mpaka 1000 ni waziri, kupita pale mpaka 2000 ni Rais, na zaidi ya hekta 2000 inahitaji sheria. Sasa, gavana anajua kijito chetu? Waziri anajua makaburi ya wazee wetu? Wanasoma kile kilichoandikwa huku chini. Kama ripoti ya huku chini inasema «hakuna mtu», basi hata mkubwa mwenye moyo mzuri atatia mkono juu ya uongo.

Na kisha kutia mkono, kurudi nyuma ni kazi kubwa. Mwombaji akipata cheti cha kuandikisha udongo, na miaka 2 ikapita, cheti kile ni kigumu sana kukivunja tribinalini. Mtakuwa mnalalamika malipo, si shamba tena. Kwa hiyo wakati wa kusema ni ule wa ankete.

Kumbe, mara nyingi ankete inafanyiwa ndani ya biro. Tusilaumu tu roho mbaya. Biro ya teritware haina pikipiki, ao pikipiki iko lakini haina mafuta. Basi mwombaji ndiye anayelipa safari ya mchunguzi, chakula chake na pa kulala. Mtu aliyekula kwa mwombaji ataandika nini? Na chefu wa kijiji, akiletewa mbuzi na kreti ya bia, ataita nani kwenye mkutano?

Vipimo tunavyoomba

Kwanza, tangazo. Kila ombi libandikwe kwenye biro ya grupema, sokoni na mbele ya kanisa, lenye jina la mwombaji, ukubwa wa udongo, mipaka na kazi anayotaka kufanya. Likae mwezi mzima, na lisomwe kwa kinywa siku ya soko, sababu si wote wanajua kusoma.

Pili, kutembea. Mchunguzi azunguke mipaka kwa miguu pamoja na majirani wa kila upande. Kwa kila kipande chenye majani aulize: nani alilima hapa mara ya mwisho, na alivuna nini? Jibu liandikwe. Neno «mtupu» lisiandikwe kama swali hilo halikuulizwa.

Tatu, orodha ya watu. Kila mwenye kulima aandikwe kwa jina lake mwenyewe. Mama aandikwe kama mlimaji, si kama bibi ya fulani, sababu mabonde mengi yako mikononi mwa wamama, na siku ya mkutano wanaitwa wabwana. Waandikwe pia wenye kukodi shamba, na wale waliokimbia vita ambao wanaweza kurudi. Na mahali ndugu zetu Pigmei wanapotumia pori, wasikilizwe wao wenyewe. Kuna sheria ya tarehe 15 Julai 2022 yenye kulinda haki zao.

Ine, maji na njia. Mradi utachota maji wapi, na utayamwaga wapi? Njia ya kwenda soko, ya ng'ombe, ya chemchemi, itabaki wazi? Kwa miradi yenye kuweza kuharibu mazingira, sheria ya tarehe 9 Julai 2011 inadai uchunguzi wa madhara mbele ya kazi kuanza. Shefferi iombe kuona karatasi hiyo, na yaliyomo yaelezwe katika luga ya pale.

Tano, mradi wenyewe. Mwombaji aseme atafanya nini mwaka wa kwanza na wa pili, ataajiri watu wangapi, na kama hakufanya, udongo utarudi namna gani. Tumechoka na plantasyo zenye cheti kizuri na majani tupu, ambamo mlimaji analipa kodi ya kulima udongo wa babu yake.

Sita, jibu lenye sababu. Ndiyo ao hapana, iandikwe kwa nini, na kopi moja ibaki kwenye biro ya grupema. Na ile feza ya safari ya mchunguzi ilipwe kwenye sanduku la shefferi kwa bei moja kwa wote, na risiti. Isipite mkono kwa mkono.

Wale wenye kupinga

Wengine watasema: mkiweka masharti mengi, wenye mali watakimbia. Tunajibu: yule anayekimbia kutembea mipaka na majirani, alikuja kutafuta nini? Mwenye mali wa kweli anaogopa zaidi kitu kingine: kupanda kahawa yake, kisha kukuta miche imekatwa usiku, na kesi isiyoisha kwenye tribinali. Ankete ya mwezi mmoja ni bei ndogo kuliko ugomvi wa miaka kumi.

Wengine watasema: kugawa udongo ni kazi ya mwami tangu mababu, karatasi hizi zinampunguzia heshima. Sisi tunaona ni kinyume. Mwami ni mlinzi wa udongo. Mlinzi mwenye orodha na mashahidi anaweza kumwambia mkubwa wa mjini «hapana» bila kuogopa, sababu hasemi peke yake. Asiye na kipimo, kila mtu mwenye nguvu anamsukuma.

Na sisi je?

Hapa tuseme ukweli kati yetu. Koperative pia zinaomba udongo. Watu 60 wanaungana, wanaomba hekta 40 kwa ajili ya shamba la pamoja, na ndani ya hekta zile kuna majirani 15 ambao si memba. Tukipita kwa mlango wa nyuma sababu tunajulikana na administrateri, ao sababu mradi wetu una mkono wa shirika la msaada, tunafanya kile kile tunacholaumu. Kipimo ni kipimo kama kinampima hata mwenye kukidai. Koperative ya kwanza itakayobandika ombi lake sokoni na kuliacha mwezi mzima, hiyo ndiyo itakuwa na nguvu ya kudai wengine wafanye vile.

Ya kufanya mbele ya msimu

Wazee walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Basi, kila koperative ifungue daftari ya mashamba. Kwa kila memba: mashamba yake yote, hata yale yenye kupumzika, alilima nini mara ya mwisho, mwaka gani, majirani wa pande zote, na mkono wa majirani wawili. Mchoro wa kalamu unatosha, hata kama hauna vipimo vya kadasta. Daftari hii si cheti, tusidanganyane. Lakini siku mchunguzi anakuja, ni habari iliyoandikwa, na artikle 194 inasema ipokelewe. Fanyeni kopi mbili, zikae nyumba mbalimbali.

Chagueni watu wawili, mwanaume na mwanamke, wapite kwenye biro ya grupema kila mwezi kuuliza: kuna ombi jipya? Swali hilo peke yake, likiulizwa kila mwezi bila kuchoka, linafanya wengi waogope kuficha.

Na pale ambapo CARG inafanya kazi kwenye teritware, pelekeni vipimo hivi sita kule, vijadiliwe pamoja na agronomi, shefferi na sosiete sivile. Havihitaji kungojea Kinshasa. Hata sheria ikibadilishwa kesho, bado mtu atalazimika kuja kuona udongo na kuuliza wenye kuulima. Shefferi moja ikikubali kuvibandika mlangoni, jirani zake wataulizwa na watu wao kwa nini hawajafanya.

Mtu akija kusema shamba lako ni tupu, awe na lazima ya kusimama ndani yake, mbele yako na mbele ya majirani, na kulisema pale kwa sauti. Wengi watakosa sauti.