Jikoni Hakuna Kadi ya Mchango

Kila nyumba ina matumizi ya aina mbili. Yapo ya lazima: unga, mafuta ya kula, mkaa au gesi, kodi ya nyumba, nauli na mahitaji ya watoto shuleni. Yapo pia ya fahari, ambayo mtu akiyakosa haugui, ila huona haya mbele ya wenzake. Juma hili tutazame moja kati ya hayo ya fahari, nalo ni mchango wa harusi.

Kusaidiana ni desturi njema, wala hatutaki ife. Zamani jirani mmoja alileta kuni, mwingine mchele, mwingine akaja kupika. Siku hizi mijini harusi moja huzaa sherehe tatu, yaani kicheni pati, sendofu na harusi yenyewe, na kila moja huwa na kamati yake, ukumbi wake na kitenge chake cha sare. Kadi huja na kima cha chini kilichokwisha kupangwa.

Hebu tufanye hesabu. Mwezi Julai 2025 kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma nchini Tanzania kilipandishwa kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000. Nyongeza hiyo ni shilingi 130,000. Tuseme mtumishi mmoja amepokea kadi tatu katika mwezi, naye akatoa shilingi 50,000 kwa kila moja. Jumla ni 150,000. Nyongeza yote imemezwa na 20,000 juu yake, kabla hatujahesabu kitenge, fundi cherehani na teksi ya usiku. Ni kweli kwamba kuanzia Januari 2016 ada ilifutwa katika shule za serikali hadi kidato cha nne, lakini sare, viatu na madaftari vimebaki juu ya mzazi. Vitanunuliwa kwa fedha gani?

Hapana shaka hakuna mzazi apendaye ukumbi kuliko mwanawe. Tatizo ni kwamba kadi ina tarehe ya mwisho, ina mashahidi, na kamati hupiga simu kukumbusha. Unga hauna kamati, na mtoto mwenye kiatu kilichotoboka hana mweka hazina wa kumdai baba yake. Basi mwenye sauti hulipwa kwanza, na mnyonge hungoja mwisho wa mwezi ujao.

Yafaa mume na mke waketi pamoja siku ya mshahara, wakiwa na daftari na kalamu, wajiandikie kwanza kadi ya nyumba yao wenyewe. Baada ya hapo watenge fungu moja la sherehe, likiisha, limeisha. Atakayekosa fedha zao aambiwe mapema na kwa heshima, kisha apewe nguvu zao za kupika au kupamba. Msiba tuuweke mbali na hesabu hii, kwani mfiwa hakuichagua siku yake, bali bwana harusi aliichagua. Nazo kamati zifute kima cha chini, kila mtu atoe kwa kadiri ya uwezo wake.

Wahenga walisema kwamba mtu hujikuna ajipatapo. Ndoa itadumu hata kama wageni walikula pilau chini ya mwembe.