Manukato si Usafi wa Hewa

Desturi ya kuitia nyumba harufu nzuri ni ya kale katika pwani yetu. Tangu Lamu hadi Kilwa, chetezo chenye makaa na vipande vya udi au ubani hupitishwa vyumbani kabla ya wageni kuwasili, na nguo hufukizwa kabla ya kuvaliwa. Desturi hiyo imeenea bara, na sasa imeingia hata bafuni. Katika miji yenye baridi kama Njombe, Mbeya na Nairobi, watu hufunga dirisha la bafu, huoga maji ya moto, mvuke hujaa, kisha marashi hupulizwa ili kuondoa uvundo. Wako pia wanaoweka chetezo humo humo. Maoni yangu ni kwamba manukato ni pambo jema, bali yanapochukuliwa kuwa usafi huleta madhara. Na shule zetu zina wajibu wa kulifafanua jambo hili.

Yafaa kwanza tutazame jinsi harufu inavyotufikia. Kila kitu kinachonukia hutoa molekuli ambazo huruka hewani na kuingia puani. Mwaka 1991 Linda Buck na Richard Axel wa Marekani walitangaza ugunduzi wa jamii kubwa ya jeni zinazounda vipokezi vya harufu, kazi iliyowapatia Tuzo ya Nobel mwaka 2004. Binadamu ana aina zipatazo 400 za vipokezi hivyo. Karafuu, kwa mfano, hunukia hasa kwa sababu ya yujenoli, mafuta ambayo huchemka katika nyuzi za Selsiasi 254 hivi. Penye baridi, molekuli zake chache tu ndizo zinazoruka. Joto likipanda, idadi yake huongezeka upesi. Ndiyo maana manukato huwa makali bafuni kuliko sebuleni: chumba ni kidogo, kina joto, na hewa yake haitoki.

Mvuke wa maji nao hutegemea joto. Meta moja ya ujazo ya hewa katika nyuzi 20 huweza kuwa na gramu 17 hivi za mvuke. Katika nyuzi 40, gramu 51 hivi. Kwa hiyo hewa ya bafu inapopoa, mvuke uliozidi hauna budi kugeuka matone juu ya kuta na dari. Unyevu huo usipokaushwa, kuvu na bakteria hustawi na kutoa uvundo. Anayepuliza marashi hajaondoa hata tone moja la maji ukutani. Ameongeza tu molekuli nyingine juu ya zile zilizokuwapo. Kesho uvundo utarudi, naye ataongeza marashi. Tena pua huchoka haraka: harufu ikidumu kwa dakika chache, hatuihisi tena kama mwanzo. Basi mwenye nyumba huzidisha kipimo bila kujua, na mgeni mwenye pumu ndiye anayekohoa.

Lakini hatari kubwa kuliko zote haina harufu kabisa. Makaa yanapoungua penye hewa haba hutoa kwa wingi kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi, harufu wala ladha. Katika miaka ya 1850, mtaalamu wa fiziolojia wa Ufaransa Claude Bernard alionyesha kuwa gesi hii huiondoa oksijeni katika damu. Hemoglobini huishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoishika oksijeni. Aliyeivuta huumwa kichwa, huona kizunguzungu, kisha hulegea. Na akiwa peke yake nyuma ya mlango uliofungwa, huenda asiweze kuufungua. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2010 ulishauri kuwa katika dakika 15 kiasi chake kisizidi miligramu 100 kwa meta moja ya ujazo. Mwanafunzi na apige hesabu: bafu la meta 2 kwa 2, lenye kimo cha meta 2.5, lina meta 10 za ujazo. Gramu moja tu ya gesi hiyo yatosha kulifikisha kwenye kikomo hicho. Wakati huo huo harufu tamu ya udi humwaminisha aliyemo kwamba anavuta hewa njema.

Watakuwapo watakaosema kuwa mafusho huua vijidudu. Ni kweli kwamba yujenoli huua baadhi ya bakteria inapowagusa, na madaktari wa meno huichanganya na oksidi ya zinki katika kuziba meno. Hata hivyo, mafuta yaliyowekwa ndani ya jino na harufu inayoelea chumbani havilingani kwa kipimo. Kuvu la ukutani halifi kwa kufukizwa. Hufa kwa kusuguliwa na kukaushwa.

Kwa hiyo napendekeza utaratibu ulio rahisi. Dirisha la bafu lifunguliwe mara baada ya kuoga, kuta zifutwe, na mfereji wa maji machafu usafishwe. Chetezo kisiingizwe bafuni kamwe. Kitumiwe mahali panapopita hewa. Marashi, kama yanatakiwa, yaje mwisho na yawe kidogo. Wajenzi nao waache kujenga mabafu yasiyo na dirisha wala tundu la hewa.

Walimu wa fizikia, kemia na biolojia wanaweza kulifundisha somo hili bila maabara. Karafuu zilizopondwa zitiwe katika kikombe cha maji baridi, na wanafunzi wahesabu sekunde mpaka harufu imfikie aliye nyuma ya darasa. Madirisha yafunguliwe hewa itoke, kisha jaribio lirudiwe kwa maji ya moto. Baadaye kila mwanafunzi achunguze nyumbani kwao hewa ya bafu hutokea wapi, na awaeleze wazazi wake aliyoyaona.