Ufunguo wa Seva si Mali ya Mtu Mmoja

Katika ofisi nyingi siku hizi kazi haianzi kwa kufungua majalada, bali kwa kuandika jina na neno la siri kwenye kompyuta. Siku ambayo seva ya ofisi inamkataa msimamizi wake mwenyewe, mishahara haiandaliwi, barua hazichapwi, orodha za wanafunzi hazionekani, na wananchi waliopanga foleni dirishani huambiwa neno ambalo wamekwisha kulichoka: "Mtandao uko chini." Zamani walikuwa wakiambiwa jalada halionekani. Umangimeza ni ule ule, umebadilisha vazi tu.

Jambo la kusikitisha ni kwamba mara nyingi mtandao hauko chini hata kidogo. Seva inafanya kazi, taa zake zinawaka, nayo imemkataa msimamizi kwa sababu inayoeleweka. Lakini badala ya kuitafuta sababu hiyo, watu huanza kubahatisha. Mmoja huandika neno la siri mara tatu, mwingine humsukuma kando na kujaribu mara tano, na mkuu wa ofisi akifika anataka naye ajaribu kwa kidole chake. Seva nyingi zimepangwa kuifunga akaunti baada ya majaribio kadhaa yaliyokosewa. Kwa hiyo hitilafu ambayo ingeondoka kwa dakika mbili hugeuka kuwa mbili: ile ya kwanza, na kufuli lililowekwa na ubishi wa watu wenyewe.

Mtumishi mwenye nidhamu ya kazi husoma kwanza maandishi yaliyotokea kwenye kioo. Kuambiwa kwamba neno la siri si sahihi ni jambo moja. Kuambiwa kwamba seva inayosimamia majina haikupatikana ni jambo lingine kabisa, na hata neno la siri likiandikwa mara mia halitasaidia. Hutazama kama kitufe cha herufi kubwa kimebonyezwa. Hujaribu kuingia kwa kompyuta ya pili. Kisha hutazama saa.

Saa? Ndiyo, saa. Mitandao mingi ya ofisi huwatambua watu kwa utaratibu uitwao Kerberos, uliobuniwa katika chuo cha MIT huko Marekani katika miaka ya 1980. Utaratibu huo hutoa hati zenye muda maalumu, ili mwizi aliyeidaka hati ya jana asiweze kuitumia leo. Ndiyo sababu kompyuta na seva hazina budi kukubaliana juu ya wakati. Kwa kawaida tofauti inayovumiliwa ni dakika 5, ikizidi hapo mtu hukataliwa hata kama neno lake la siri ni sahihi kabisa. Sasa, ndani ya kompyuta nyingi mna betri ndogo mfano wa sarafu, inayoitunza saa umeme unapokatika. Betri hiyo ikifa na umeme ukakatika, saa hurudi nyuma miaka mingi. Ofisi nzima inaweza kusimama kwa ajili ya betri ya bei ya soda.

Chanzo kingine ni msaada usioombwa. Fundi huja kulalamikiwa kwamba intaneti ni ya polepole, naye huielekeza seva iulizie majina kwenye anwani ya nje, kama ile ya 8.8.8.8, kisha huondoka akishukuriwa. Lakini anwani ya nje haiijui ofisi hiyo wala kompyuta zake. Asubuhi yake msimamizi anatafuta mlango wa nyumba yake mwenyewe kwa kuuliza watu wa mji mwingine.

Na ziko akaunti zinazojifunga zenyewe kila baada ya saa chache, hata watu wakaanza kunong'ona habari za wezi wa mitandao. Aghalabu mwizi hayupo. Msimamizi alibadili neno lake la siri, akasahau kwamba aliliweka lile la zamani ndani ya programu inayonakili kumbukumbu kila usiku. Programu hiyo, kwa utiifu usio na akili, huendelea kugonga mlango kwa ufunguo uliokwisha kubadilishwa. Seva za Windows huandika jambo hilo katika daftari la matukio kwa namba 4740, pamoja na jina la kompyuta iliyosababisha. Daftari hilo huandikwa usiku na mchana, na msomaji ni nadra.

Hayo yote yana dawa. Gumu zaidi ni pale ambapo seva ni nzima, saa ni sahihi, ila neno la siri liko kichwani mwa mtu mmoja, naye hayupo au hataki kulisema.

Mji wa San Francisco uliyaonja hayo Julai 2008. Mhandisi wa mtandao wa mji huo, Terry Childs, aliwanyima wakuu wake maneno ya siri ya mtandao alioujenga na kuutunza kwa miaka. Alitiwa mahabusu. Mtandao uliendelea kufanya kazi, lakini hakuna mwingine aliyeweza kuingia kuutengeneza, na baadhi ya mitambo ilikuwa imepangwa hivi kwamba ikizimwa ingepoteza maelekezo yake. Baada ya siku kadhaa alimkabidhi maneno hayo meya, Gavin Newsom, aliyemfuata mahabusu. Mwaka 2010 mahakama ilimtia hatiani na kumhukumu kifungo cha miaka 4.

Wapo waliomtetea, na utetezi wao haukuwa wa kipuuzi. Alidai kwamba wakuu wake hawakuwa na ujuzi wa kuzitunza siri hizo, na tena alitakiwa azitaje katika kikao ambacho watu wengine walikuwa wakisikiliza kwa simu. Na kana kwamba ni kumpa haki, ofisi ya waendesha mashtaka yenyewe iliweka katika majalada ya mahakama, mahali pa wazi, orodha ya maneno ya siri ya mji yapatayo 150!

Hata hivyo, uzembe wa mkuu haumpi mtumishi hati ya kumiliki mali ya umma. Karani wa stoo akimwona bosi wake ni mlevi, hendi nyumbani na funguo za stoo. Lakini kosa la San Francisco halikuanza siku ile Childs alipokataa. Lilianza miaka ya nyuma, wakati wakuu waliporidhika kumwachia mtu mmoja kila kitu kwa kuwa kazi ilikuwa inakwenda na hakuna aliyetaka kusumbuka kujifunza.

Watasema wengine kwamba dawa ni kuwapa watu wengi neno hilo. La. Neno linalojulikana na watu kumi halina mwenyewe, na likitumiwa vibaya hakuna wa kuulizwa. Wasimamizi wawe wawili, kila mmoja na akaunti yake. Akaunti kuu ya akiba neno lake liandikwe, litiwe katika bahasha iliyofungwa kwa lakiri, likae ndani ya sefu, na anayeifungua atie sahihi kitabuni. Bahasha hiyo iwe pia na lile neno la ukarabati ambalo huwekwa siku seva inapojengwa, nalo si lile la kila siku. Wengi hulikumbuka siku ambayo seva imeharibika, yaani siku ambayo fundi aliyeliweka amekwisha kuhamishwa.

Na bahasha hiyo isingoje msiba. Ifunguliwe siku ya kawaida, jioni, wakati wananchi wamekwisha kwenda makwao, msimamizi wa pili aketi peke yake mbele ya seva na kujaribu kuingia.