Kuhesabiwa Nusu



Wewe ukaaye Handeni, au Korogwe, bila shaka umesikia habari za watu wa Chogo. Walikuja kutoka Somalia, lakini ukiwaamkia kwa Kizigua watakuitikia kwa Kizigua. Wamejifunzia wapi? Kwa mama zao.

Miaka ya 1830 njaa kuu iliingia Uzigua. Watu walitoa watoto ili wapate chakula, na wengine wakajitoa wenyewe, wakidhani watafanya kazi kisha warudi. Wakapakiwa majahazini hata pwani ya Wasomali, wakauzwa. Waliotoroka wakaingia misitu ya mto Juba, wakafyeka na kulima. Wenye ngamia hawakupenda kuwafuata huko, maana mbung'o huua mifugo.

Mwanzoni mwa karne ya 20 Waitaliano walikomesha utumwa, ila dharau ilibaki. Kwa Msomali mfugaji, kama kwa Bedui wa Arabuni, heshima ya mtu ni ukoo wake: ataja babu hata babu, na akiuawa, ukoo hudai damu yake. Mkulima wa Juba hakuwa na ukoo wa namna hiyo. Waliitwa “jareer”, yaani wenye nywele ngumu, na kumwoza binti kwa mtu wa namna hiyo ilikuwa aibu. Mwaka 2000 wakuu wa Wasomali walikutana Arta, nchi ya Djibouti, wakagawana viti vya bunge. Koo kubwa nne zilipata kila moja fungu zima. Wengine wote waliosalia, hao wakulima wakiwamo, wakapewa nusu fungu. Nusu!

Vita vilipozuka mwaka 1991 wao waliporwa bila mtetezi. Wengi walikimbilia Kenya, na maelfu wakaendelea hata Marekani. Wengine walirudi kwetu, kwanza Mkuyu, kisha Chogo, na kufika mwaka 2014 zaidi ya elfu moja walikuwa wamepewa uraia.

Usicheke Wasomali upesi, msomaji. Sisi hatuna ngamia, lakini midomo tunayo. Huko Korogwe, mtu ambaye babu yake alikuja kukata mkonge kama manamba, naye amezaliwa hapa na kuzikia wazazi wake hapa, bado yuko amwitaye “wa kuja”. Na minong'ono ya “bibi yake alinunuliwa” hungoja siku ya posa.

Basi kijana wa Chogo akileta posa kwako kesho, utauliza kwanza nini: tabia yake, au babu yake? Nawe mama, utasema nini huko jikoni, wazee wakiwa hawasikii?